Maisha ya Tabibu Abu Bakr ar-Razi, Aliyetunga Kitabu cha Mawe ya Figo na Kibofu

 Ewe ndugu msomaji, jua ya kuwa katika vijitabu vyetu hivi tumekuwa tukieleza zaidi maisha ya mafakihi na ya watu wema, na mara hii tumemchagua tabibu. Sababu yake si nyingine ila ni maradhi tunayoyaona kila kiangazi, hapa Shinyanga na huko Kahama na Geita kwenye machimbo ya dhahabu. Mtu mzima mwenye nguvu zake, jana alikuwa katika shamba lake la pamba au ndani ya duara, leo aletwa amejikunja, ashika ubavu, hatulii kwa kulala wala kwa kukaa, atapika na jasho lamtoka. Wengine huletwa kwanza chuoni, jamaa zao wakataka waandikiwe kombe. Nasi hatukatai dua, lakini huwaambia wamchukue mgonjwa hospitali kabla ya jua kutua, kwani maumivu ya namna hiyo mara nyingi ni ya jiwe lishukalo kutoka katika figo, na jiwe si jini.

Maradhi haya si mageni duniani. Zaidi ya miaka elfu moja na mia iliyopita mtu mmoja wa mji wa Rai, katika nchi ya Uajemi, alitunga kitabu makhsusi juu ya mawe ya figo na ya kibofu, akaeleza yatokavyo, na dalili zake, na dawa zake, na jinsi mtu awezavyo kujilinda nayo. Mtu huyo ni Abu Bakr Muhammad bin Zakariya ar-Razi, ambaye Wazungu walimwita Rhazes. Msomaji asimchanganye na Imamu Fakhruddin ar-Razi, mwenye Tafsiri kubwa, aliyekuwa wa madhehebu yetu ya Shafi na akafa mwaka wa 606 wa Hijra (1209). Wote wawili wametoka mji mmoja, na kila mtu wa Rai huitwa Razi, lakini huyu wetu alimtangulia mwenziwe kwa karibu miaka mia tatu.

Mwanachuoni al-Biruni, aliyeandika risala nzima kwa ajili ya kuhesabu vitabu vya ar-Razi, ametaja ya kuwa alizaliwa mwanzo wa mwezi wa Shaabani mwaka wa 251 (865). Mji wa Rai ulikuwa karibu na pale ulipo sasa mji wa Tehran, nao ulikuwa mji mkubwa wa biashara. Khabari za ujana wake zina khitilafu. Wako wasemao alikuwa akipiga udi, na wako wasemao alikuwa akivunja fedha sokoni. Lililo mashuhuri ni kwamba alishughulika sana na elimu ya kimia, yaani kuchanganya na kuchemsha madini, na moshi wa kazi ile ukamdhuru macho. Elimu ya utabibu hakuianza utotoni. Aliingia humo hali ya kuwa mtu mzima. Nalitaja hili kwa sababu wako vijana katika madrasa zetu wanaodhani ya kuwa asiyeanza kusoma akiwa na miaka saba mlango umekwisha kufungwa juu yake.

Alipohitimu alipewa usimamizi wa hospitali ya Rai, kisha wa hospitali ya Baghdad. Watu husimulia ya kuwa alipotakiwa kuchagua mahali pa kujenga hospitali ya Baghdad aliagiza vipande vya nyama vitundikwe katika pembe mbalimbali za mji, kisha akachagua pale nyama ilipochelewa kuoza. Kisa ni kizuri, na akili yake ni ya kweli, lakini hospitali inayotajwa humo ni ile ya Adhud ad-Daula, nayo ilifunguliwa mwaka wa 372 (982), na ar-Razi alikuwa amekwisha kufa miaka mingi. Ikiwa kisa kina asili basi ni cha hospitali nyingine.

Lililo thabiti zaidi ni maelezo ya Ibn an-Nadim, aliyeyapata kwa mzee mmoja wa Rai. Ar-Razi alikuwa mtu mwenye kichwa kikubwa, akikaa katika baraza yake, na mbele yake wakikaa wanafunzi wake, na mbele ya hao wanafunzi wa wanafunzi, na mbele yao wengine tena. Mgonjwa akija humweleza ugonjwa wake mtu wa safu ya kwanza. Akiwa ana elimu yake humtibu, na asipokuwa nayo humpeleka safu ya pili, mpaka jambo liwafikie wakubwa. Na wakishindwa wote ndipo ar-Razi mwenyewe husema. Tena alikuwa mkarimu, akiwahurumia masikini wagonjwa, akiwapa posho na kuwauguza. Wala hakuonekana ila anaandika, ama anasafisha nakala ama anaandika upya.

Alimtungia liwali wa Rai, Mansur bin Is-hak, kitabu cha tiba chenye makala kumi, kikaitwa al-Mansuri kwa jina lake. Akaandika kitabu juu ya ndui na surua, akayatenga maradhi hayo mawili kila moja na alama zake, na kitabu hicho kilisomwa Ulaya kwa karne nyingi. Akatunga na kingine kwa ajili ya mtu asiyekuwa na tabibu karibu naye, masikini au msafiri, apate kujitibu kwa vitu vipatikanavyo nyumbani na sokoni. Na kanuni yake katika kutibu ilikuwa hii, ya kwamba tabibu akiweza kumtibu mtu kwa chakula asimpe dawa, na akiweza kwa dawa moja asimpe dawa za kuchanganywa. Kanuni hiyo ndiyo tutakayoiona katika mambo ya jiwe.

Kabla ya kufika huko yatupasa kusema juu ya neno ambalo huenda baadhi ya wasomaji wamekwisha kulikumbuka. Ar-Razi amesingiziwa, au amethibitishiwa, Mungu ndiye ajuaye, maneno mabaya juu ya utume. Aliyeyanukuu ni hasimu wake, Abu Hatim ar-Razi, mmoja wa wahubiri wa Kiismaili, katika kitabu cha kumjibu. Basi wako waliosema ya kuwa haifai kusoma vitabu vyake. Nasi twasema, maneno hayo yakiwa ni yake hatuyakubali hata chembe, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Lakini elimu ya mkojo na figo si elimu ya itikadi. Maulamaa wetu wa zamani walijifunza utabibu kwa Galen, wala Galen hakuwa Mwislamu.

Na huyu Galen, ambaye Waarabu humwita Jalinus, ar-Razi alimheshimu kama mwalimu, lakini hakumfuata kwa upofu. Aliandika kitabu cha shaka zake juu ya Jalinus, akaonyesha mahali ambapo aliyoyaona yeye kwa wagonjwa hayakupatana na aliyoyasoma. Tena alikuwa na desturi ya kujaribu. Katika ugonjwa wa uvimbe wa utando wa ubongo, uitwao sirsam, aliwapiga chuku wagonjwa wa kundi moja, na kundi la pili akaliacha kwa makusudi bila kuwatoa damu, apate kujua kama kutoa damu kwafaa au hakufai. Msomaji na akumbuke jambo hili la makundi mawili, kwani litarudi mbele.

Sasa tuje kwenye kitabu cha mawe.

Jambo la kwanza lililowashughulisha matabibu wa zama zile ni kuyatambua maumivu, kwani jiwe la figo na msokoto wa utumbo hufanana sana. Jalinus mwenyewe ameeleza ya kuwa siku moja alishikwa na maumivu makali akadhani ni jiwe lililokwama katika mfereji wa mkojo, kumbe lilikuwa jambo la utumbo. Ar-Razi aliandika kitabu mbali juu ya huo msokoto, na kupambanua maradhi haya mawili ni katika mambo aliyoyasisitiza. Maumivu ya jiwe hukaa upande mmoja mgongoni, chini ya mbavu, yakashuka kuelekea kinena. Na mkojo hubadilika, mara nyingine ukawa na damu au changarawe. Ya utumbo hutanda tumboni na kuhamahama.

Hapa Usukuma iko shida nyingine ambayo mtu wa Rai hakuhitaji kuieleza. Damu katika mkojo kwetu si dalili ya jiwe peke yake. Kichocho ni kingi katika vidimbwi na majaruba ya mpunga, na mtoto akikojoa damu mwisho wa haja yake, mara nyingi ni kichocho, na dawa yake hospitali ni ya tembe za siku moja. Wala kichocho kikiachwa miaka mingi hakikai bure. Huharibu kibofu na mifereji ya mkojo, mkojo ukatuama, na palipotuama mkojo ndipo uchafu huingia na mawe hufanyika. Kwa hiyo mtu asijiamulie mwenyewe. Mkojo upimwe, na tumbo litazamwe kwa ile mashine ya mawimbi ya sauti, ambayo sasa iko katika hospitali nyingi za wilaya.

Ama asili ya jiwe, ar-Razi na wenziwe walisema ni vitu viwili vikikutana, yaani uchafu mzito unaonata ulio katika mkojo, na joto la mwili linaloukausha na kuugandamiza. Maneno hayo ni ya tabia nne za kale, ambazo leo hatuzitumii. Lakini tukiyapindua kidogo twaona ya kuwa hakuwa mbali na kweli. Mtazame mama apikaye chai kwa maji ya kisima, baada ya miezi birika lake hufanya gamba jeupe ndani. Maji yamekwenda hewani, na chumvi za ardhini zilizokuwa zimeyeyuka humo zimekosa maji ya kuzibeba, zikaganda. Figo nayo ni hivyo. Mkojo wabeba chokaa na chumvi ya oksaleti na asidi ya uriki. Maji yakiwa mengi vitu hivi hupita, na maji yakiwa haba hushikana, punje juu ya punje, mpaka likawa jiwe. Yaliyo mengi katika mawe ya figo ni ya chokaa na oksaleti. Na joto lina kazi yake kweli, si la figo bali la jua, maana hutoa maji mwilini kwa jasho na kuuacha mkojo mzito kama mafuta ya mawese.

Basi mfikirie kijana wa Nyarugusu au Rwamgasa ashukaye ndani ya duara asubuhi, akatoka saa tisa, jasho limemwisha, na tangu alfajiri hakunywa ila kikombe kimoja cha chai. Akitoka hununua soda, na jioni hula ugali kwa nyama choma na chumvi ya kuchovya, na usiku hulala na kiu asijue kuwa ni kiu. Hajala haramu, wala hakufanya dhambi katika hayo. Lakini figo zake zafanya kazi ya birika lile.

Watu wetu hulaumu maji ya visima. Husema yana chumvi, ndiyo yaletayo mawe. Ni kweli ya kuwa maji mengine ya ukanda huu ni mazito, lakini kwa walio wengi dhara kubwa si ile chokaa iliyo ndani ya maji. Dhara kubwa ni kuwa mtu akichukia ladha yake hunywa kidogo. Anywaye maji mazito mengi yuko salama zaidi kuliko anywaye maji laini kikombe kimoja. Tangu mwaka wa 2009 maji ya Ziwa Victoria yaletwa kwa mabomba mpaka Kahama na Shinyanga, na mwenye kufikiwa nayo hana udhuru.

Kuhusu kujilinda, ar-Razi na matabibu wa zama zake waliwataka wenye maradhi haya wasishibe kupita kiasi, wapunguze vyakula vizito vinavyonata, kama jibini na maziwa na nyama ngumu, waache maji machafu, na watumie vitu viendeshavyo mkojo, kama mbegu za tikiti na za matango. Kisu kilikuwa cha mwisho, tena kwa jiwe la kibofu, kwani wakati ule kuipasua figo ilikuwa karibu sawa na kumwua mtu. Ndiyo sababu kinga ilikuwa na thamani kubwa kwao. Asiye na njia ya kulitoa jiwe hana budi kujifunza kulizuia, na katika hali hiyo wengi wa watu wa vijijini mwetu bado wamo, maana mashine za kulivunja jiwe ziko mbali nao na gharama yake ni ng'ombe kadhaa.

Sasa yarudi yale makundi mawili. Mwaka wa 1996 matabibu wa mji wa Parma katika Italia walitangaza jaribio lao. Waliwachukua watu 199 waliopata jiwe mara ya kwanza, wakawagawa. Wa kundi moja wakaambiwa wanywe maji mengi mpaka mkojo wao ufike lita mbili au zaidi kwa siku, na wa kundi la pili wakaachwa na desturi yao. Baada ya miaka mitano, katika kila watu mia wa kundi la maji walirudiwa na jiwe 12, na katika kundi la pili 27. Hakuna dawa iliyonunuliwa hapo. Ni maji. Kwa hiyo kipimo ni mkojo, si idadi ya vikombe, kwani mtu wa kivulini na mtu wa duara hawalingani. Mkojo uwe mweupe au wa rangi ya majani makavu. Ukiwa wa manjano nzito, kunywa. Na anywe pia kabla ya kulala, kwa sababu usiku ni mrefu. Anayefanya kazi juani huenda akahitaji lita tatu au nne kwa siku, na achukue dumu lake kazini kama achukuavyo sururu yake.

Jambo la pili ni la maziwa, na hapa ar-Razi na wenziwe walikosea. Kwa karne nyingi matabibu waliwakataza wagonjwa wa mawe maziwa na jibini, wakidhani chokaa ya maziwa ndiyo iliyo katika jiwe. Hata hospitali za zama zetu zilikuwa zikisema hivyo, na wako mpaka leo wanaosema. Mwaka wa 1993 ilitangazwa Marekani khabari ya wanaume zaidi ya 45,000 waliofuatwa kwa miaka minne, ikaonekana ya kuwa walaji wa chakula chenye chokaa nyingi ndio waliopata mawe machache. Kisha watu wa Parma wakafanya tena jaribio, likatangazwa mwaka wa 2002. Waliwachukua wanaume 120. Nusu wakakatazwa maziwa, na nusu wakaachiwa maziwa yao ila wakapunguziwa chumvi na nyama. Katika miaka mitano, wa kwanza walirudiwa na jiwe watu 23, na wa pili watu 12. Sababu yake ni kuwa chokaa ya chakula huikamata oksaleti tumboni, zikatoka pamoja kwa haja kubwa kabla oksaleti haijafika figo. Naamini ar-Razi angalifurahi kulisikia jambo hili kuliko wale wanaomtetea kwa kila neno, maana yeye ndiye aliyefundisha kumpima mwalimu kwa mgonjwa.

Kwa hiyo mtu wa Usukuma asiache maziwa yake ya mgando. Ayanywe pamoja na chakula, khasa akila mchicha, au nsansa iliyoungwa kwa karanga, au michembe, kwani vyakula hivi vina oksaleti, vingine nyingi na vingine kiasi. Mboga ikichemshwa na maji yake yakamwagwa, sehemu ya oksaleti huenda nayo. Wala asiviache vyakula hivi, maana ni vyakula vyema na masikini hana vingine. Avile kwa kiasi na kwa maziwa. Chai kali ya rangi kutwa nzima haifai kuwa badala ya maji. Tembe za chokaa za dukani si kama maziwa, asizimeze ila kwa amri ya tabibu, na tembe kubwa za vitamini C nazo huongeza oksaleti. Chumvi ndiyo adui aliyejificha, kwani chumvi nyingi huitoa chokaa mwilini na kuitia katika mkojo. Mwenye kula samaki wa kayabo na amloweke na kumwaga maji yake kwanza, na kile kikopo cha chumvi kiondolewe mezani. Nyama, na maini, na dagaa kwa wingi huongeza asidi ya uriki. Kipande kwa siku chatosha, na siku nyingine maharage. Na ndimu au limau likikamuliwa katika maji lina asidi ya sitriki, ambayo huzuia punje za jiwe zisishikane. Hilo ni jambo rahisi, na ndimu haikosekani sokoni.

Juu ya watoto, watu wa kale waliona ya kuwa jiwe la kibofu huwapata watoto zaidi, na la figo watu wazima. Leo yajulikana ya kuwa jiwe la kibofu la watoto latokana mara nyingi na lishe ya nafaka tupu, pamoja na kuhara na kukosa maji. Mtoto alelewaye kwa uji mtupu na apewe maziwa, au yai, au samaki.

Twafika kwenye swali tuulizwalo kila Shaabani, nalo ni la saumu. Mtu mzima mwenye afya hafungi kwa khatari ya figo, ila ajue kuzigawa saa zake. Anywe tangu magharibi mpaka daku kidogo kidogo, wala asiiache daku, na asiyanywe yote kwa mara moja wakati wa kufuturu. Ama aliyekwisha kupata mawe mara kwa mara, au mwenye figo moja, au mwenye maumivu, na amwulize tabibu mwaminifu. Akimwambia ya kuwa kufunga kutamdhuru, katika madhehebu yetu ana ruhusa ya kula, kisha atalipa siku hizo katika majira mengine; na ikiwa ugonjwa wake hautarajiwi kupona, atatoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Mchimbaji aliyeshikwa na kiu ya kudhuru akiwa kazini naye ana ruhusa yake, lakini kazi ya duara yaweza kufanywa usiku katika Ramadhani, na wako wanaofanya hivyo. Na kuuzuia mkojo mpaka sala iishe, jambo ambalo wazee wengi hulifanya kwa kuogopa kuvunja udhu, ni makuruhu kwa mafakihi wetu na si zuri kwa mwili. Aende, atawadhe tena, arudi.

Na jambo moja la kuharakisha. Jiwe dogo, lisilozidi milimita tano, kwa kawaida hutoka lenyewe kwa maji na dawa ya kutuliza maumivu. Lakini mwenye maumivu ya ubavu akipata homa na kutetemeka, au mkojo ukafunga kabisa, huyo hangojewi asubuhi. Figo iliyozibwa na kuingiwa uchafu humwua mtu kwa siku chache.

Turudi kwa mwenyewe ar-Razi, maana umri wake ulikuwa ukielekea mwisho. Mtu huyu aliyewahifadhi watu figo hakuyahifadhi macho yake. Al-Biruni ameeleza ya kuwa usiku aliweka taa katika kishubaka cha ukuta, akakiegemeza kitabu ukutani mbele yake, ili usingizi ukimshika kitabu kianguke akaamka, akaendelea kusoma. Tena alipenda sana kula maharage ya baakila, na wazee wa zama zake waliona ya kuwa maharage hayo yaliyadhuru macho yake. Hilo latupasa kulichukua kama walivyolisimulia tu. Yeye mwenyewe ameandika ya kuwa katika mwaka mmoja alijaza kurasa 20,000 kwa khati ndogo kama ya hirizi, na ya kuwa miaka kumi na mitano alishughulika usiku na mchana na kitabu chake kikubwa mpaka macho yakadhoofu na misuli ya mkono ikaharibika, ikawa hana budi kuwataka watu wamsomee na kumwandikia. Mwishowe akapofuka. Yasemwa ya kuwa aliletewa mganga wa kumpasua macho, naye akamwuliza macho yana matabaka mangapi, mganga asijue, ar-Razi akakataa kuguswa na mtu asiyejua hilo.

Akafa Rai, tarehe 5 Shaabani mwaka wa 313 (925), kwa hesabu ya al-Biruni, umri wake miaka 62 ya mwezi. Hakuacha mali ya kutajwa. Aliacha karatasi. Waziri Ibn al-Amid alizinunua kwa dada yake, akawakusanya wanafunzi wa marehemu wakazipanga, kikatoka kile kitabu kikubwa kiitwacho al-Hawi. Mwaka wa 1279 Faraj bin Salim, tabibu wa Kiyahudi wa Sisilia, alikifasiri kwa Kilatini kwa amri ya Mfalme Charles wa Anjou, na mwaka wa 1486 kikapigwa chapa Brescia katika Italia. Al-Biruni amehesabu vitabu na risala zake 184, na nyingi zimepotea. Kile cha mawe ya figo na kibofu kilisalimika, na mwaka wa 1896 P. de Koning akakipiga chapa Leiden katika Uholanzi, Kiarabu chake pamoja na tafsiri ya Kifaransa.